Kamasi na Machozi

Hapa kwetu Pemba mtu akilitamka neno "kamasi" hali watu wamelizunguka sinia la chakula, ataambiwa hana adabu. Aseme "mafua", na wote watamfahamu. Hebu tujiulize: uchafu umo katika neno, katika kitu chenyewe, au ndani yetu sisi?

Neno halina kosa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 imelipokea bila ya haya. Wingi wake, makamasi, umekaa safu moja na maji, maziwa, mate na machozi, lugha haikubagua. Mwili nao haukubagua. Kwenye kona ya jicho mna kitundu kinachopitisha machozi mpaka puani, ndiyo maana mwenye kulia hupenga. Basi kwa nini machozi tuyatungie mashairi, na makamasi tuyatafutie tafsida?

Adabu ya penye sinia ni njema, wala siipingi. Lakini ina mipaka yake. Mwenye kutia udhu hupandisha maji puani kisha akapenga, na hiyo ni ibada. Mama humfuta mwanawe kwa upindo wa kanga, wala hatafuti neno la kujifichia.

Iko siku mama huyo atakuwa mzee kitandani, hana nguvu hata ya kupenga. Mtoto aliyezoea kukunja uso kwa neno tu, atakuwa na mkono wa kumfuta?