Kisima si cha Mpita Njia

Mwaka 1887 msafara wa Count Teleki, Mhungaria, uliondoka Pangani, katika pwani hii yetu, ukielekea bara. Mwezi wa Machi 1888 ukafika penye ziwa kubwa katikati ya jangwa, nalo likapewa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Wapagazi wenye kiu waliyakimbilia maji yale mazuri. Walipoyaonja, wakakuta ni ya magadi.

Tangu 1975 ziwa hilo laitwa Turkana. Upande wake wa kusini-mashariki, nchini Kenya, ipo Loiyangalani: chemchemi za maji baridi na mikoma, zimezungukwa na mawe meusi ya volkano na upepo usiopumzika. Wasafiri waliofika huko mara moja hutamani kurudi. Lakini je, arudiye ana haki gani juu ya mahali palipomteka moyo?

Wengi wao hurudi na manung'uniko. Waliacha vibanda vya makuti, wanakuta mabati. Waliacha nyika tupu, wanakuta mitambo 365 ya kuzalisha umeme kwa upepo, iliyozinduliwa mwaka 2019. Husema, "Mahali pameharibika."

Twasema yafaa kupambanua. Yako malalamiko ya jicho, na yako malalamiko ya haki. Mwaka 2021 mahakama huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mitambo ile hazikupatikana kwa utaratibu wa sheria. Hilo ni jambo la mfugaji na malisho yake. Msafiri amepoteza picha; mfugaji aweza kupoteza riziki. Anayezichanganya hasara hizi mbili, hata kwa nia njema, humwibia mwenyeji kilio chake. Na bati asilolipenda mgeni ndilo lililomkinga mtoto na mvua.

Wala hatudharau mapenzi ya msafiri. Anayerudi ni bora kuliko anayepita mara moja, kwa kuwa ana nafasi ya kujua majina ya watu, wala si ya vilima tu. Hatari ni kupenda mahali kwa sharti kwamba pasibadilike. Mapenzi ya namna hiyo ni ya kujipenda, kwa maana yamtaka mwenye kisima aishi kwa ajili ya macho ya mpita njia.

Jambo hili halipo mbali na sisi wa Moa. Vijana wetu waliokwenda Tanga, Mombasa na Dar es Salaam hurudi wakati wa sikukuu, wakahuzunika kwamba kijiji si kile cha utoto wao. Huzuni yao ni ya kweli, lakini si wao waliobeba ndoo wakati wa kiangazi. Vilevile, akataye mikoko yote asijifiche nyuma ya neno maendeleo: hapo walalamikapo wavuvi, lalamiko ni la haki, wala si la jicho.

Basi kila arudiye, jangwani au pwani, kabla hajasikitika na aulize: badiliko hili limemfaa nani, na nani amelilipia? Wazee walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mwenyeji abaki vilevile ili mgeni afurahi.