Mshahara wa anayeondoka si sadaka

Zipo dhulma ambazo anayezifanya haoni hata haya kuzisimulia. Mojawapo ni kumnyima mtu mshahara wake wa mwisho kwa sababu ameamua kuacha kazi. Utamsikia mtu anayeswali safu ya mbele akisema: "Kaondoka mwenyewe, hanidai." Nani kasema hakudai?

Swali hili nililetewa nikiwa Mwaya, wilayani Kyela, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Ni nchi ya mpunga na kokoa, na ni moja ya sehemu ambazo sisi watu wa mjini tunaagiza wasichana wa kazi. Mama mmoja wa pale alinieleza habari za binti yake aliyefanya kazi za ndani Dar es Salaam. Mshahara wake "ulitunzwa" na mwenye nyumba. Siku aliyosema anataka kurudi kwao, akahesabiwa sahani zilizovunjika, sabuni, na hata nauli iliyomleta. Akatoka mikono mitupu. Mwenye nyumba ni Mwislamu. "Baba," yule mama akaniuliza, tena bila ukali, "dini yenu ndivyo inavyofundisha?"

La, haifundishi hivyo. Imo katika Bukhari na Muslim hadithi ya watu watatu waliozibiwa pangoni na jiwe, kila mmoja akamuomba Allah (s.w.t.) kwa amali yake njema. Mmoja wao alikuwa amemuajiri kibarua kwa kipimo cha mpunga, na kibarua akaenda zake bila kuuchukua. Tajiri yule hakusema "kaondoka mwenyewe". Aliupanda, akaendelea kuupanda, mpaka ukazaa ng'ombe na mchungaji wao. Kibarua aliporudi kudai akaambiwa achukue vyote, naye akadhani anafanyiwa mzaha.

Utaniambia ile ilikuwa ihsani, si wajibu. Sawa, ng'ombe walikuwa ihsani. Lakini kile kipimo cha mpunga kilikuwa deni, na hakikufutwa kwa kuwa mwenyewe aliondoka. Na katika hadithi nyingine Allah anajitaja kuwa Yeye ndiye mgomvi, Siku ya Kiyama, wa aliyemtumia mfanyakazi mpaka akamaliza kazi, kisha asimlipe.

Ugumu uko kwa mfanyakazi aliyekosa kweli: kavunja vitu, au kaondoka ghafla bila taarifa. Hapa mwajiri naye ana haki yake, nami siidharau. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mfanyakazi wa mwezi atoe notisi ya siku 28, na akikataa kuifanyia kazi, mwajiri anaruhusiwa kukata malipo ya siku hizo. Kuhusu hasara, sheria inataka mfanyakazi aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Basi hasara yako ni dai lako, lakini mshahara ni mali yake iliyo mkononi mwako. Huwezi kuwa mdai, shahidi na kadhi kwa wakati mmoja, halafu ukajihukumia mshahara mzima!

Na ile nauli? Sheria hiyohiyo inasema mkataba ukimalizikia mbali na pale mtu alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe na mizigo yake au ampe nauli, na amlipie kujikimu mpaka siku ya safari. Kwa hiyo binti wa Mwaya alistahili kufikishwa Mwaya, siyo kuachwa stendi ya Mbezi na mfuko wa nguo.

Ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kanuni zake za mwaka 2007 zilitoa siku 60 kwa madai ya aina hii. Lakini binti asiye na nauli atarudije Dar kushitaki? Siku zinampita, na mwenye nyumba anadhani amesalimika. Deni hilo atakufa nalo, na kwa sheria yetu madeni hulipwa kabla ya warithi kupata chochote. Wanaogawa mirathi waulize hili mapema: je, marehemu alikuwa na mtumishi aliyeondoka bila kulipwa, na kwao ni wapi?