Dhahabu ya Chunya na samaki wa Rukwa

TUNAPOZUNGUMZIA dhulma huwa tunatafuta watu wawili: aliyedhulumu na aliyedhulumiwa. Kadhi naye hutaka hivyo hivyo, ajulikane mdai na mdaiwa. Lakini ipo dhulma ambayo anayeitenda hajui anamtendea nani, na anayetendewa pengine bado hajazaliwa. Hilo ndilo limenishughulisha tangu nilipotembelea machimbo ya Chunya, mkoani Mbeya.

Machimbo yale si ya jana. Dhahabu ya Lupa ilianza kuchimbwa zama za Mwingereza, miaka ya 1920, na kufikia miaka ya 1930 ilikwishavuta maelfu ya watu. Leo wachimbaji wadogo wapo Makongolosi, Matundasi na kwingineko. Mawe yanatolewa duarani, yanasagwa kwenye karasha, yanaoshwa mwaloni, kisha mchanga unaobaki unachanganywa na zebaki. Zebaki inakamata dhahabu. Donge linakamuliwa kwa kitambaa, linawekwa motoni, zebaki inaruka kuwa mvuke na dhahabu inabaki. Kazi imekwisha, mtu anakwenda kuuza.

Je, imekwisha kweli? Mvuke ule anauvuta mchomaji na aliyekaa jirani yake. Mwingine unapanda na kurudi ardhini pamoja na mvua. Zebaki nyingine imebaki kwenye marudio, na masika yanaikokota hadi mitoni. Maji ya Mto Lupa na Mto Songwe huishia Ziwa Rukwa, na Rukwa ni ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Hakuna mto unaotoka humo kwenda baharini. Maji hukauka kwa jua, tope hubaki.

Katika tope hilo wapo vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyoigeuza zebaki kuwa ya aina nyingine, kali zaidi, inayong'ang'ania mwilini. Inaingia katika vimelea vidogo vya majini, samaki wadogo wanavila hivyo, na kambale anawala samaki wadogo. Kila mlaji anabeba deni la wote aliowala, maana sumu hii hutoka mwilini polepole mno. Ndiyo maana maji yanaweza kuonekana safi kabisa, na samaki aliyemo akawa na sumu mara maelfu kwa maelfu kuliko maji yenyewe. Juu ya kambale yupo ndege mla samaki, na yupo mwanadamu.

Tazama hekima iliyomo katika maumbile haya. Jani la mtundu likidondoka katika misitu ya miombo ya Chunya, mchwa analila, kuvu wanaliozesha, na mti unakipata tena chakula chake. Hakuna kinachotupwa. Lakini njia hiyo hiyo inayopitisha riziki ndiyo inayopitisha sumu, wala haiulizi ni ipi.

Wajapani waliyaona haya Minamata, ambako ugonjwa ulitangazwa rasmi mwaka 1956. Kiwanda kilimwaga zebaki ghubani, watu wakala samaki. Paka walianza kuchanganyikiwa, kisha watu. Kuna akina mama walioonekana wazima au wenye dalili ndogo tu, lakini wakazaa watoto wenye ubongo ulioharibika. Sisemi Rukwa imefika huko. Nasema njia ni ile ile.

Kijana mmoja mwaloni aliniambia, "Sheikh, mimi nina kijiko kimoja, ziwa lote lile litadhurika nini?" Hoja yake si ya kupuuzwa, na ana watoto wa kulisha. Lakini kila mwenye kijiko anasema hivyo hivyo. Wanazuoni wetu wa fiqhi waliweka harimu ya kisima: eneo linalokizunguka ambalo mwingine haruhusiwi kuchimba akakidhuru. Walikwishajua kuwa maji hayatambui mipaka ya shamba. Kwa mtazamo wangu harimu ya ziwa ni bonde lake zima, na mialo ya Makongolosi imo ndani.

Hata hivyo siwezi kumwachia mzigo wote kijana yule, wakati sisi wa mjini tunapokea dhahabu katika mahari na harusi, na kwa sonara swali letu ni bei tu. Mkataba wa Minamata ulipitishwa mwaka 2013 na Tanzania imejiunga nao. Nani kati yetu aliyewahi kuusikia ukitajwa?

Dawa ndogo ipo. Ni chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba. Mvuke unapoa humo, zebaki inarudi kuwa majimaji na inatumika tena. Nilimuuliza yule kijana kwa nini hakitumii. Akasema mnunuzi anataka kuliona donge likiungua kwa macho yake, asije akachezewa. Mnunuzi huyo ndiye ningependa khutba ya Ijumaa imfikie kwanza, kabla ya mchimbaji.