Wosia Hauiti Mauti

Somo: Hesabu 27:1–11, Wagalatia 4:1–2

Mwezi huu nataka kunena nanyi neno ambalo wengi hawapendi kulisikia, yaani neno la wosia.

Mwaka mmoja nalimzika mzee wa kanisa wa mtaa wetu, mtu wa sala, mwenye kibanja kizuri cha migomba na kahawa. Mara mbili alikuwa amenijia akisema, "Mchungaji, nataka kuandika maneno yangu." Nami nikamjibu, "Tutaandika baada ya mavuno." Mavuno yakaja, naye hayupo. Hata matanga hayajaisha, nduguze walikuwa kibanjani wakipima mipaka kwa miguu, na mjane akaulizwa, "Wewe ulikuja na nini?" Nalitafuta neno la kumtetea nisilione, maana lile ambalo lingalimtetea nalilichelewesha mimi mwenyewe. Tangu siku ile nina deni kwa mjane yule.

Watu husema, "Aandikaye wosia huyaita mauti." Je, mauti yamengoja lini kuitwa? Huja kwa aandikaye na kwa asiyeandika. Ila yule wa kwanza huwaachia watoto wake amani, na wa pili huwaachia kesi. Bwana wetu mwenyewe, katika maumivu ya msalaba, hakumsahau mama yake. Alimkabidhi kwa mwanafunzi, nao waliosimama karibu wakasikia.

Wengine husema, "Desturi ya ukoo yatosha." Watazameni binti watano wa Selofehadi. Baba yao alikufa jangwani hana mwana wa kiume, nao wakasimama mbele ya Musa na mkutano wote, wakaomba milki kati ya ndugu za baba yao. Musa hakuwafukuza, wala hakujibu kwa akili yake. Alilipeleka neno lao mbele za Bwana, naye Bwana akawapa haki.

Hapa kwetu Uhaya palitokea jambo la namna hiyo. Mwanamke mmoja alirithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Alipozeeka bila mtu wa kumtunza, akaliuza mwaka 1988. Mwana wa ndugu yake akashitaki, akisema kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, na mahakama ya mwanzo ikamkubalia. Lakini mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, aliamua kwamba kwa Katiba ya nchi haki ya mwanamke katika kuuza ni sawa na haki ya mwanamume. Mlango wa haki ile ulifunguliwa na baba aliyeandika wosia angali hai.

Basi andika ungali una akili timamu, bila kushurutishwa na mtu. Tumia wino usiofutika, weka tarehe, tia sahihi au dole gumba. Sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilitaka mashahidi wasiopungua wawili kwa ajuaye kusoma, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Kwa asiyejua, wanne. Taja mali moja moja na mipaka yake, usiyafiche madeni, wala usigawe kilicho cha mke wako kana kwamba ni chako. Mtoto yeyote asinyimwe, awe wa kike au wa kiume. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumnyima mtoto faida ya haki katika mali ya mzazi wake. Wosia waweza kuwekwa kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, usiliwe na mchwa wala usipotezwe na mkono wa mtu.

Kisha chagua msimamizi mwaminifu. Mtume Paulo aonyesha ya kuwa mrithi akiwa mtoto huwa chini ya mawakili hata wakati uliowekwa na baba. Basi wakili si mwenye mali. Amepewa funguo, hakupewa nyumba. Sheria yamtaka apeleke mahakamani orodha ya mali, kisha hesabu ya jinsi alivyoigawa. Akiharibu, warithi waweza kuomba aondolewe. Mjane au yatima amwulizapo hesabu hakosi adabu. Adai haki yake. Na msimamizi akumbuke kwamba yuko Baba wa yatima na mwamuzi wa wajane, naye pia ataomba hesabu.

Nanyi walimu na wainjilisti, mtu akiwajia na kusema, "Nataka kuandika maneno yangu," msimwambie asubiri mavuno. Leteni karatasi, waiteni mashahidi, ombeni pamoja naye, akaandike siku ile ile.

Bwana azitengeneze nyumba zetu, na amani yake ikae ndani yake hata baada yetu. Amina.