Aliugua Nini Akiwa na Mimba?

Binamu yangu ana mtoto mwenye usonji. Mtoto ana miaka saba, anapenda kupanga vizibo vya soda kwa rangi, na sijawahi kusikia mtu akimuuliza baba yake chochote. Mama ndiye huulizwa. Aliugua nini akiwa na mimba? Alimeza dawa gani? Wengine huuliza kwa huruma, wengine kwa umbea tu.

Mimi nasoma biolojia, na kinachonikera ni kwamba sayansi nayo inauliza karibu hayohayo. Ubongoni mna seli za kinga ziitwazo mikroglia, ambazo huingia humo kiinitete kikiwa bado kichanga kabisa. Hazipigani na vijidudu tu. Ubongo unaokua huunda viungio vya neva vingi kuliko utakavyohitaji, na mikroglia husaidia kuvipogoa, kama mkulima apunguzavyo matawi ya mbuni ili mengine yazae. Kinga ya mama mjamzito ikichemka kwa ugonjwa mkali, huenda ukuaji huo ukavurugika. Nasisitiza huenda: wajawazito wengi huugua na watoto wao hawapati usonji, na urithi una uzito mkubwa zaidi.

Rubela ndiyo mfano ulio wazi. Mlipuko wa 1964 na 1965 nchini Marekani uliacha watoto wapatao 20,000 waliozaliwa na madhara yake. Stella Chess alipowachunguza 243 mjini New York, alikuta usonji kwa kiwango kisicho cha kawaida. Mwaka 1967, Bruno Bettelheim akatoa kitabu kilichowatwika wazazi, hasa akina mama, mzigo wa usonji kwa madai ya ubaridi wao. Virusi vilikuwa vimepita kwenye kondo la nyuma. Yeye akapekua mapenzi.

Kwangu, kuwa njia ya jambo si kulitenda. Lawama humfuata aliyekuwa na uwezo wa kuzuia, na mjamzito wa 1964 hakuwa nao, kwani chanjo ya rubela iliidhinishwa Marekani mwaka 1969. Tanzania iliiingiza katika ratiba ya watoto mwaka 2014. Katika miaka 45 hiyo, maswali yalipaswa kupelekwa kwa wenye bajeti, wala si kwa mzazi aliyelala wodini. Na chanjo hiyohiyo, ikichanganywa na za surua na matumbwitumbwi, ndiyo iliyokuja kusingiziwa mwaka 1998 kwamba inaleta usonji. Walioulizwa tena kwa nini walikubali mtoto achomwe sindano walikuwa akina mama.