KINAA SI KUKAA



Limeulizwa suali katika darsa yetu hapa Garissa, na kwa kuwa jambo lenyewe si la Garissa peke yake, bali ni la Lamu, Malindi na Mombasa vile vile, tumeona yafaa tulijibu kwa maandishi. Muulizaji ni kijana aliyemaliza masomo ya juu, naye hajapata kazi. Alisema: "Sheikh, mwatuhimiza kinaa. Mwatwambia turidhike na alichotugawia Mola. Je, si huku kuridhika ndiko kulikotuacha nyuma? Wenzetu hawakuridhika, wakapanda. Sisi tumeridhika, tukabaki."

Suali hili si utovu wa adabu. Anayelikemea badala ya kulijibu hamtendei haki muulizaji, wala haitendei haki dini. Kwani ikiwa kinaa ni kukunja mikono, basi kijana amesema kweli. Na ikiwa kinaa ni jambo jingine, yatupasa tuseme ni lipi.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kazi na riziki. Kazi ni ya mja. Ameamrishwa kuifanya, na ataulizwa juu yake. Riziki ni ya Mola. Humpa amtakaye kwa kadiri aitakayo. Kinaa mahali pake ni katika riziki, yaani katika lile fungu linalomfikia mtu baada ya kutokwa na jasho. Katika jitihada hapana kinaa. Hakuna aliyesifiwa katika dini yetu kwa kuridhika na nusu ya shamba kulimwa, au nusu ya elimu kusomwa.

Mtume (S.A.W.) aliulizwa na mtu mmoja kama amwache ngamia wake na kumtegemea Mwenyezi Mungu, akamwambia amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee. Mafundisho haya watu wa huku hawahitaji kufasiriwa. Mchungaji anayelala bila ya kuwafunga ngamia wake miguu, asubuhi huamka na kazi ya kufuata nyayo mchangani. Na katika Sura ya Jumua tumeamrishwa kwamba sala ikisha tutawanyike katika ardhi tukatafute fadhila za Mola, huku tukimkumbuka kwa wingi. Tumeambiwa tutawanyike. Hatukuambiwa tubaki barazani tukihesabu magari yanayopita.

Lakini kabla ya kumlaumu mtu, tuseme haki. Umaskini wa nchi hii haukuletwa na kinaa. Zama za Mwingereza, mkoa huu ulifungwa. Mtu haingii wala hatoki illa kwa ruhusa. Uhuru ulipokuja vikafuata vita, tangu 1963 hadi 1967, na sheria za hatari zikabaki juu ya watu mpaka 1991. Na Waraka wa Serikali nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo zitangulie kule kwenye mvua nyingi na ardhi nzuri, na njia zilizokwisha jengwa. Basi nchi ya jua na mchanga ikangoja. Mwenye kusema kwamba watu wa Garissa, Wajir na Mandera wameachwa nyuma kwa sababu ya kumcha Mungu kupita kiasi hajui tarikhi, au anajua na anaficha.

Mwaka 2013 zilipoanza serikali za kaunti, ofisi zilifika mlangoni. Hiyo ni kheri, wala hatuikani. Lakini pamoja na ofisi iliingia dhana moja mbaya katika nyumba nyingi: kwamba kazi ni meza, kiti, na mshahara mwisho wa mwezi, na asiyekuwa na hayo hana kazi. Utamkuta kijana baba yake ana ngamia thelathini, mama yake anauza maziwa sokoni, mjomba wake ana shamba la ndizi kando ya Mto Tana, naye ukimuuliza khabari zake hukwambia: "Sina kazi." Hasemi uongo kwa anavyoona. Kazi zimemzunguka pande zote, lakini macho yake yamefundishwa kutoziona.

Na hapa twafika kwenye ugonjwa wenyewe, nao ni ugonjwa wa moyo. Katika kambi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991 katika wilaya yetu hii, wakimbizi wana neno la Kisomali, *buufis*. Asili yake ni kupuliza kitu kikajaa upepo. Nao hulitumia kwa ile tamaa ya kuhamishiwa Marekani au Ulaya inapomjaa mtu kifuani hata asibaki na nafasi ya jingine. Kutamani kuhama si dhambi, na mkimbizi ana udhuru kuliko mtu yeyote, wala hatumcheki. Tunachokisema ni hali ya mtu aliyeyasimamisha maisha yake yote: hajifunzi ufundi kwa kuwa ataondoka, haoi kwa kuwa ataondoka, hapandi hata mti wa kivuli kwa kuwa ataondoka. Januari 2017 ilitoka amri ya kufunga milango ya Marekani, na watu waliokwisha pangiwa safari wakarudishwa kambini. Januari 2025 mpango wa kuwapokea wakimbizi ukasimamishwa tena. Ole wake aliyeutundika moyo wake kwenye mlango ambao ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu asiyemjua.

Ajabu ni kwamba ugonjwa huu umewaambukiza hata wasiokuwa wakimbizi. Vijana wenye nchi yao na jamaa zao huuza ngamia wa wazee wakashika njia ya *tahriib*, kupitia Sudan na Libya, kuelekea baharini. Wako waliokufa jangwani kwa kiu, wako waliozama, na wako waliozuiliwa na wauza watu mpaka jamaa zao wakauza mifugo iliyobaki ili kuwakomboa. Nanyi ndugu zetu wa pwani mna mfano wake: kijana anayekaa barazani mwaka baada ya mwaka akingoja viza ya Uarabuni, na chombo cha baba yake kinaoza ufukoni. Safari si aibu. Wazee wenu wa Lamu walisafiri kwa majahazi, wakaenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi. Lakini walisafiri na kazi zao mikononi, nahodha ni nahodha, seremala ni seremala, na walipokuwa nyumbani wakangojea pepo, hawakungojea bure, walishona matanga.

Sababu ya pili ni dharau ya kazi za mikono. Jambo hili tutalisema wazi hata likiwachoma baadhi ya wasomaji. Katika mila za Wasomali kuna jamaa za wahunzi na watengeneza ngozi ambao wenzao huwadharau, wakakataa hata kuoana nao. Na wote husali safu moja na kuelekea kibla kimoja! Ni aya gani, na hadithi gani, iliyofanya nyundo kuwa najisi? Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma akakifua, akala kwa jasho la mikono yake. Nabii Zakariya alikuwa seremala. Nabii Musa alichunga kule Madyan miaka minane au kumi kuwa mahari yake. Na Mtume wetu (S.A.W.) alichunga kondoo na mbuzi wa watu wa Makka kwa ujira. Basi anayemdharau mhunzi na mchungaji na amtazame ni nani anayemdharau. Na watu wa pwani wasitucheke, kwani kwao pia yuko anayekula samaki mchana na kumdharau mvuvi jioni. Yuko anayelala katika nyumba ya mawe asiweze kumpa binti yake mwashi aliyeijenga. Hii ni jahiliya, hata ikivishwa kanzu na kilemba.

Yuko atakayesema: "Basi tuwape vijana elimu na vyeti, mambo yote yatatengenea." Elimu ni faradhi, nasi twaitaka zaidi kuliko hivi. Lakini cheti ni chombo, si dira. Tarehe 2 Aprili 2015, hapa Garissa, waliuawa watu 148 katika Chuo Kikuu, wengi wao wanafunzi waliokuja kutafuta elimu, wakiwa wageni wetu. Na mmoja wa wale wauaji, kama ilivyotangazwa, alikuwa kijana wa mkoa huu huu aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hakukosa masomo, wala mlango wa kazi haukuwa umefungwa mbele yake. Alilolikosa ni mwelekeo, akaja mwenye kumuuzia mwelekeo wa uongo kwa jina la dini, akaununua kwa damu ya watu wasio na makosa. Moyo uliokosa makusudio haubaki mtupu. Huingiwa na la kwanza linalobisha hodi.

Makusudio basi hupatikana wapi? Twaona mtu ajiulize masuali matatu juu ya kazi yoyote. La kwanza: ni halali? La pili: inamfaa nani? La tatu: naifanya sawasawa? Ikijibiwa vyema mitatu, kazi hiyo ni ibada, iwe ya wizara au ya mkokoteni wa punda unaopeleka maji mabulani.

Mtazame dalali wa soko letu la mifugo, ambalo ni katika masoko makubwa ya Afrika Mashariki. Mnunuzi huja kutoka mbali. Hamjui mwenye ng'ombe, wala hajui ng'ombe ametoka wapi. Anayesimama baina yao ni dalali. Ndiye anayedhamini kwa kauli yake kwamba mnyama huyu si wa wizi. Mali yake dalali ni ulimi wake. Akisema kweli, watu wasiojuana huuziana kwa amani. Akisema uongo mara moja, amekwisha. Na mama anayeuza maziwa ya ngamia, asiyetia maji na nyumbani ana watoto wenye njaa, je, huyu hana makusudio? Wallahi huenda yu karibu na Mola wake kuliko sisi tunaoandika.

Kisha watazame watoto wetu madarasani. Januari 2020 waliuawa walimu watatu huko Kamuthe, katika kaunti hii ya Garissa, na baada yake walimu wengi waliotoka mikoa mingine wakaondolewa. Hatuwalaumu kwa kuondoka. Aibu ni ya waliowaua. Lakini shule zilibaki na madarasa yasiyo na wa kufundisha, na katika mabula hayo hayo wamo vijana waliosoma wakisema hawana la kufanya. Ualimu hauna kiti cha kuzunguka, na mshahara wake hauleti gari la fakhari. Lakini kama kuna kazi inayomwita kijana wa Kaskazini Mashariki leo, ni hii.

Sasa turudi kwenye kinaa, tuone inakuja wapi. Tangu mvua za mwisho wa 2020 hadi za mwisho wa 2022, misimu mitano ilipita mfululizo bila ya mvua ya kutosha, na katika Pembe ya Afrika yakafa mamilioni ya wanyama. Mchungaji aliyekuwa amefanya yote, akahama kwa wakati, akachimba, akabeba maji, aliwaona wanyama wake wakianguka mmoja mmoja. Huyu ndiye wa kuzungumziwa kinaa. Asiyekuwa na kinaa hubaki akililia jana na kumhusudu jirani aliyebakiwa na mbuzi wawili. Mwenye kinaa husema: Mola ametoa na Mola ametwaa, kisha husimama. Wako walioteremka kandokando ya Mto Tana wakashika jembe kwa mara ya kwanza katika umri wao, wakapanda vitunguu na matikiti, wala hawakuona haya kwamba baba zao hawakulima. Kilichowaondolea haya hiyo ni kinaa. Tamaa na fakhari huufunga mkono. Kinaa huufungua ukafanya kazi iliyopo. Na hili ndilo jawabu la suali: aliyeridhika na fungu lake ndiye aliye huru kufanya kazi kwa nguvu zake zote, kwa sababu hapotezi nguvu katika husuda na majuto. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) akatufundisha kwamba utajiri si wingi wa mali, bali ni utajiri wa nafsi.

Na neno moja kwa wenye vyeo na wenye mali. Msiifanye kinaa kuwa kifuniko cha dhulma. Haifai kumgawia kazi mtoto wa nduguyo asiyeijua, kisha ukamhubiria subira anayeijua. Haifai kumcheleweshea kibarua ujira wake miezi mitatu, na hali tumeamrishwa tumpe kabla jasho lake halijakauka, kisha ukamwambia aridhike. Kinaa ni fundisho mtu analolianza na nafsi yake. Nanyi mnaotoa zaka, pamoja na kilo za mchele, tieni na cherehani, jembe na vyombo vya useremala, ili apokeaye leo awe mtoaji kesho.

Nanyi vijana, endeleeni kutafuta kazi mliyoisomea. Ni haki yenu. Lakini huku mkitafuta, shikeni iliyo mbele yenu, muifanye kana kwamba hamna nyingine. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mkononi mwa mtu mna mche, naye anaweza kuupanda, basi aupande. Iwapo Kiyama chenyewe si udhuru wa kuacha kupanda, kungojea barua ya ajira itakuwaje udhuru?

Twamuomba Mwenyezi Mungu atujaalie mikono isiyochoka katika halali, na nyoyo zinazotosheka na fungu lake. Wabillahi tawfiq.