Hofu ya daktari mpya: je, ni upungufu wa imani?

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Kila mwaka wako vijana wetu wanaomaliza masomo ya udaktari darasani na kutumwa hospitalini kama stajieri. Jana kijana alikuwa akijibu maswali ya mtihani kwa karatasi. Kesho mama ataingia amebeba mtoto mwenye degedege, atamshika mkono na kumwita Dokta. Usiku wa kuamkia siku hiyo usingizi unakimbia, tumbo linavuruga, mikono inatoka jasho. Naye anajiuliza, na pengine wewe mzazi wake unajiuliza vilevile: ikiwa kweli anamtegemea Mwenyezi Mungu, hofu hii inatoka wapi?

Wengi humjibu upesi kwamba aongeze imani na hofu itaondoka. Jibu hilo lina nia njema, lakini mimi silikubali. Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni aliogopa, na hofu yake hakuificha. Aliomba kazi ifanywe nyepesi, akaomba ndugu yake Harun awe msaidizi wake. Hakukemewa kwa kuogopa, alipewa msaidizi. Na Mtume wetu (s.a.w.) aliposhuka kutoka pango la Hira alikuwa anatetemeka, akaomba afunikwe nguo. Bibi Khadija (r.a.) alimfunika, akamtuliza kwa kumkumbusha wema wake, kisha akampeleka kwa Waraqa, mtu mwenye elimu ya vitabu. Angalia vizuri, ndugu msomaji: alianza na blanketi na maneno ya upole, halafu wakaenda kumwuliza anayejua.

Basi swali si kama kijana anaogopa. Swali ni anaogopa nini. Ziko hofu mbili, na ukizitazama kwa nje huwezi kuzitofautisha, maana moyo unadunda namna moja. Ya kwanza ni kumwogopea mgonjwa. Ya pili ni kuogopea sura yako mwenyewe: wakubwa watasemaje, wenzangu watacheka, huyu mama ataniona sijui kitu.

Chukua mtoto wa kilo 10 mwenye malaria kali. Artesunate ya sindano, kwa mtoto asiyefika kilo 20, ni miligramu 3 kwa kila kilo. Kwa hiyo huyu anapewa miligramu 30. Sifuri ikipotea inakuwa 3, na malaria haitasikia dawa. Sifuri ikizidi inakuwa 300. Anayemwogopea mgonjwa atapima uzito tena, atapiga hesabu kwenye karatasi na kumwomba mwenzake aihakikishe. Anayeogopea sura yake atakisia haraka, kwa sauti ya mtu anayejua. Hofu ya kwanza ni sehemu ya amana. Ya pili ndiyo ya kupigana nayo, kwa sababu inaweza kuua mtu huku aliyeibeba anaonekana hodari.

Mambo haya si mapya kwa Waislamu. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba anayejitia kutibu watu hali hajulikani kuwa na elimu ya tiba, anabeba dhamana ya madhara yake. Mjini Baghdad, mwaka 319 wa Hijra, yaani 931 kwa hesabu ya Miladi, mgonjwa mmoja alikufa kwa kosa la tabibu. Khalifa al-Muqtadir akaamuru matabibu wa mji wapimwe, na asiyepita asitibu. Kazi alipewa Sinan bin Thabit, na waliokuja mbele yake walipita watu 800. Wanahistoria wameandika kisa cha mzee mmoja aliyeingia kwa heshima na mavazi mazuri, akaweka pesa mbele ya Sinan na kukiri kwamba hajui kusoma wala kuandika, lakini ana familia inayokula kwa kazi hiyo. Sinan alicheka. Akamruhusu kwa sharti moja: asiguse ugonjwa asioujua, wala asimtoe mtu damu au kumpa dawa ya kuharisha ila kwa maradhi mepesi. Mzee akajibu kwamba ndiyo desturi yake maisha yote, hajawahi kupita sharubati ya siki na asali na maji ya waridi.

Mimi simsifu mzee kwa ujinga wake, na leo hakuna anayetaka tabibu wa namna hiyo. Lakini alijua mpaka wake ulipo, na kuna wenye diploma ukutani wasioujua wa kwao.

Hata mabingwa wa zama zetu wamekubali kuulizana. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kwa sauti kabla, wakati na baada ya upasuaji: jina la mgonjwa, upande wa kupasua, hata kila mmoja chumbani ataje jina lake. Ilijaribiwa katika hospitali nane za nchi mbalimbali, mojawapo Ifakara, Tanzania. Kwa jumla vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa mia. Hao ni wapasuaji wazoefu. Je, kijana wa siku ya kwanza ataona haya kuuliza?

Kwa hiyo, mwanangu unayeanza kazi, nenda siku moja kabla uone oksijeni iko wapi, ufunguo wa dawa za dharura anao nani, damu inaombwa wapi. Msalimie muuguzi wa miaka mingi kama unavyomsalimia mama yako, umwambie wewe ni mgeni. Weka daftari dogo mfukoni. Kula kabla ya zamu. Mkono ukitetemeka, simama, toa pumzi polepole, kisha endelea. Na hofu ikikunyima usingizi na chakula wiki baada ya wiki, mwambie mkubwa wako wa kazi. Hayo ni maradhi kama mengine na yanatibika.

Na sisi wengine tujitazame. Kijana akisema, “Mama, ngoja kidogo nimuulize mkubwa wangu,” sisi tunanong’ona kwamba huyu bado mtoto. Tunatoka hapo na kwenda kwa muuza dawa wa barabarani, ambaye hajawahi kusema sijui hata siku moja, na tunamlipa. Halafu tunashangaa vijana wakijifunza kuficha. Siku ukiwa kando ya kitanda cha mgonjwa wako na stajieri akikuomba dakika akaulize, mjibu hivi: “Nenda, mwanangu, tunakungoja.”

Wabillahi tawfiq.